MENO YA CHENI: NAMNA YA KUIFANYA BAISKELI AU PIKIPIKI IVUTE MZIGO MLIMANI

Watu wengi vijijini hununua baiskeli au pikipiki na kuitumia vile vile ilivyotoka dukani mpaka ichakae. Ikishindwa mlima, lawama humwangukia mwenye miguu, au injini, au muuza petroli. Mara nyingi wote hao hawana kosa. Kosa liko kwenye meno. Chombo kilitengenezwa kwa barabara iliyo sawa na kwa mtu mmoja au wawili, nasi tunakipandisha mlima na magunia ya viazi. Meno yake hayakupangwa kwa kazi hiyo.

Meno hayo yanaweza kubadilishwa. Kazi yenyewe si ya kiwandani. Ni kazi ya spana, ya kuhesabu, na ya kufikiri kabla ya kutoa pesa. Wale waliokuwa wakiuliza darasani kugawanya kutawasaidia nini maishani, leo wachukue penseli.

HESABU MENO YAKO KWANZA

Tuanze na baiskeli, maana kila kitu chake kiko nje na kinaonekana. Pedeli zinazungusha gurudumu kubwa la meno, ambalo mafundi huliita sproketi kubwa. Cheni inapita juu ya meno hayo, inakwenda nyuma na kuzungusha gurudumu dogo la meno, yaani friwili. Friwili imefungwa kwenye gurudumu la nyuma. Ukikanyaga inalishika gurudumu, ukiacha kukanyaga inaliachia lizunguke lenyewe, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa tik-tik-tik.

Chukua chaki, weka alama kwenye jino moja la sproketi kubwa. Hesabu ukizunguka mpaka urudi kwenye alama. Usihesabu kwa macho tu, macho huruka. Gusa kila jino kwa kidole. Fanya hivyo na nyuma. Tuseme umepata meno 44 mbele na meno 18 nyuma.

Kila jino linashika pingili moja ya cheni. Kwa hiyo ukizungusha pedeli mzunguko mmoja, umevuta pingili 44. Pingili hizo 44 zikifika nyuma zinakuta meno 18 tu. Basi gurudumu la nyuma halitazunguka mara moja. Litazunguka mara 44 gawanya kwa 18, yaani mara 2.44, au tuseme mara mbili na karibu nusu.

Sasa pima gurudumu. Weka alama ya chokaa kwenye tairi pale linapogusa ardhi. Sukuma baiskeli taratibu mpaka alama iguse ardhi tena, kisha pima umbali huo kwa utepe wa fundi cherehani. Baiskeli kubwa ya kawaida, ile ya inchi 28, itakupa kama meta 2.2. Zidisha 2.44 kwa 2.2, unapata karibu meta 5.4. Basi kila mzunguko mmoja wa pedeli unaipeleka baiskeli meta 5.4.

Na mguu wako je, umekwenda umbali gani? Mkono wa pedeli una urefu wa kama sentimeta 17. Mguu ukizunguka duara hilo unakwenda meta moja na kidogo tu. Mnaona? Mguu umekwenda meta 1, baiskeli imekwenda meta 5. Ndiyo maana mtu wa baiskeli humpita mtu wa miguu bila kutoka jasho.

Lakini hakuna kinachopatikana bure hapa. Kama mwendo umezidishwa mara 5, nguvu nayo imegawanywa kwa 5. Ili tairi lisukume ardhi kwa nguvu ya kilo 1, mguu hauna budi kukanyaga kwa nguvu ya kilo 5.

MADUMU MANNE YA MAJI

Hebu tuone hesabu hii inavyomfika mtu. Mwenzetu ana uzito wa kilo 60. Baiskeli yake pamoja na keria ina kilo 20. Amefunga madumu manne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80. Jumla ni kilo 160. Mbele yake kuna mwinuko unaopanda meta 5 kwa kila meta 100. Macho hayaoni mlima huo kuwa mkali.

Kilo 160 zidisha kwa 5, gawanya kwa 100, ni kilo 8. Hiyo ndiyo nguvu inayomrudisha nyuma. Barabara ya udongo nayo inashika matairi. Tuongeze kilo 3. Zote pamoja ni kilo 11. Mguu unalipa mara 5, kwa hiyo mguu unadaiwa kilo 55.

Kilo 55 kwa mtu wa kilo 60! Maana yake karibu uzito wake wote umesimama juu ya pedeli, wakati wote, mguu huu na mguu ule. Tena pedeli ikifika juu kabisa au chini kabisa mguu hausukumi chochote, kwa hiyo mahali pengine inabidi akanyage zaidi ya hizo 55. Nani ataweza? Atashuka na kusukuma kwa mikono. Na kina mama na watoto wanaopelekwa kisimani ni wepesi kuliko kilo 60.

Sasa tubadili kitu kimoja tu. Tuondoe friwili ya meno 18, tuweke ya meno 22. 44 gawanya kwa 22 ni 2 kamili. Zidisha kwa meta 2.2, baiskeli itakwenda meta 4.4 kwa kila mzunguko. Mguu sasa unalipa kama mara 4 badala ya 5. Ile kilo 11 ya mlima inakuwa kilo 45 hivi kwenye pedeli. Tumempunguzia mwenzetu kilo 10 katika kila kanyagio, na mzigo ni ule ule, na mlima ni ule ule.

Atalipa wapi? Atalipa kwenye tambarare. Akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, zamani alikuwa akienda kilometa 19 kwa saa. Sasa kwa miguu ile ile atakwenda kilometa 16. Kama safari zake nyingi ni za kwenda mjini kwenye lami bila mzigo, ataona baiskeli imekuwa nzito wa mwendo, miguu inazunguka kama ya bata majini na safari haiishi. Kwa hiyo kabla ya kubadili, jiulize: baiskeli yangu inafanya kazi gani siku nyingi za juma? Usipange meno kwa ajili ya siku moja ya sikukuu.

Ili kukariri: mbele meno mengi na nyuma machache, ni mwendo. Mbele machache na nyuma mengi, ni nguvu.

Tuseme kidogo habari za zamani, maana zinachekesha na pia zinafundisha. Kabla cheni haijatumika, baiskeli za Ulaya zilikuwa na pedeli kwenye gurudumu lenyewe la mbele. Mzunguko mmoja wa pedeli ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, basi. Aliyetaka mwendo alitengeneza gurudumu kubwa zaidi, na zaidi, mpaka yakafika kimo cha kifua cha mtu, na mwendeshaji akakaa huko juu kama yuko darini. Akianguka alianguka kichwa kwanza. Mwaka 1880 Hans Renold, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, aliandikisha cheni yenye roli ndogo katika kila pingili, ambayo kwa umbo ndiyo hii hii tunayotumia hadi leo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na cheni kwenda nyuma. Kuanzia hapo mtu aliweza kupata mwendo kwa kupanga meno, bila kupanda juu ya gurudumu la kutisha.

KUIONDOA FRIWILI

Ni rahisi zaidi kubadili friwili kuliko sproketi kubwa. Friwili bei yake ni ndogo, na ile ya mbele imeshikana na mkono wa pedeli, kwa hiyo huwezi kununua moja ukaacha nyingine.

Friwili imefungwa kwa hesi. Kila unapokanyaga unazidi kuikaza, kwa hiyo baada ya miaka imekaza kweli kweli. Inafunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, lakini si kwa patasi na nyundo kama tunavyoona kwa baadhi ya mafundi wa barabarani. Patasi inavunja meno, na pengine inapinda kitovu cha gurudumu. Ipo spana yake maalumu inayoingia katika vile vipengele vilivyo katikati ya friwili. Mtafute fundi mwenye spana hiyo. Kabla ya kufunga mpya, paka grisi kwenye hesi, ili siku ya kuifungua isije ikawa vita.

Meno 4 yaliyoongezeka nyuma yanadai cheni ndefu zaidi. Cheni hulala juu ya nusu ya gurudumu la meno tu, kwa hiyo meno 4 zaidi yanataka pingili 2 zaidi. Ukiwa na nafasi ya kusogeza gurudumu mbele, pengine hutahitaji kuongeza. Ukiongeza, ongeza pingili mbili mbili, maana cheni ina pingili nyembamba na pingili pana zinazofuatana, na moja peke yake haipati mwenzake wa kushikana naye.

PIKIPIKI

Hesabu ya pikipiki ni ile ile, ila miguu sasa ni injini. Sproketi ndogo iko mbele, karibu na injini, imefichwa ndani ya kifuniko upande wa kushoto. Kubwa iko kwenye gurudumu la nyuma. Pikipiki ndogo tunazotumia kwa bodaboda, za sisi 100 mpaka 150, nyingi zina meno 14 au 15 mbele, na nyuma kati ya 38 na 45. Lakini usitusikilize sisi, hesabu yako.

Tuseme pikipiki ina 15 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 15: ni 2.8. Yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiondoa jino moja mbele, ukaweka 14, unapata 42 gawanya kwa 14, ni 3 kamili. Ukiacha 15 mbele na kuweka 45 nyuma, unapata vile vile 3. Basi jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Wauzaji wengine hawasemi hivyo, wanakuuzia sproketi kubwa ya nyuma pamoja na cheni mpya, wakati sproketi ndogo ya mbele yenye bei ndogo ingefanya kazi ile ile.

Umepata nini? Kutoka 2.8 mpaka 3 ni nyongeza ya sehemu 7 kwa kila 100. Nguvu ya kuvuta imeongezeka kiasi hicho, katika gia zote. Na mwendo? Kwa mlio ule ule wa injini uliokuwa ukikupeleka kilometa 60 kwa saa, sasa utakwenda 56. Ukishuka mpaka meno 13 mbele utakwenda 52. Wapo wanaosema jino moja ni kitu kidogo. Wakaiulize klachi.

Klachi ndiyo inayoumia. Fikirini barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, Tanga. Ni kilometa zaidi ya 30, na mtu anapanda karibu meta 1,000, kona juu ya kona. Pikipiki yenye mzigo ikipungukiwa nguvu katika gia ya kwanza, dereva hufanya nini? Hukamata klachi nusu, anaongeza mafuta, injini inalia, gurudumu linakwenda polepole. Zile sahani za klachi wakati huo zinasuguana, zinapata moto, na baada ya muda unasikia harufu kama ya ukurutu wa sufuria iliyoungua. Klachi mpya ina bei kubwa mara nyingi kuliko sproketi ndogo. Dereva mwenye meno yaliyopangwa kwa mlima huachia klachi mapema na pikipiki inapanda yenyewe.

Jambo jingine zuri: kwenye mteremko, injini yenye meno ya nguvu inazuia zaidi. Ukishuka katika gia ya pili bila kuongeza mafuta, injini inakusaidia kushika, na breki hazipati moto haraka.

Hasara zake ni hizi. Kwa kila kilometa injini itazunguka mara nyingi zaidi, sehemu 7 kwa kila 100 katika mfano wetu. Kwenye tambarare petroli itaongezeka, na injini itapiga kelele zaidi. Kijana anayefanya kazi Shinyanga au Dodoma, ambako kwa kilometa nyingi hakuna kilima cha kumzuia, hana sababu ya kufanya mabadiliko haya. Akiyafanya atakuwa anachoma petroli kwa ajili ya milima ya watu wengine.

Sproketi ya mbele ikiwa ndogo mno nayo inaikunja cheni kwa ukali. Kila pingili inajikunja zaidi inapopita, na cheni inachakaa upesi. Tena cheni inashuka karibu na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, inaweza kuukwaruza. Kwa hiyo sisi tunaona kushuka jino moja kunatosha. Ukitaka zaidi ya hapo, ongeza nyuma.

Na saa ya mwendo? Kwenye pikipiki nyingi za namna hii waya wake unatoka kwenye gurudumu la mbele. Hiyo haitadanganya. Lakini kama waya unatoka kwenye injini, saa itaonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli, maana haijui kwamba meno yamebadilishwa.

MZIGO HAUKUONGEZWA

Hapa ndugu tusomane vizuri, maana hapa ndipo watu wanapovunjika miguu. Meno mapya yameongeza nguvu ya kuvuta. Hayakuongeza nguvu ya breki. Hayakuongeza unene wa spoku, wala wa rimu, wala wa tairi. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito unaoruhusiwa. Kwa nyingi za namna hii ni hapo kati ya kilo 130 na 150, na dereva mwenyewe yumo humo. Dereva wa kilo 65 na gunia la mahindi la kilo 100 tayari wamepita.

Tumekwisha kusikia mtu akijisifu, "Tangu nibadili sproketi napandisha magunia mawili." Sawa, amepandisha. Je, atayateremshaje? Mlima unaoupanda asubuhi ndio huo huo utakaoushuka, na wakati wa kushuka hakuna meno ya kukusaidia kama breki za ngoma zimepata moto. Meno ya nguvu ni ya kuupanda mzigo ule ule wa halali bila kuiua klachi.

KUFUNGA

Kwanza zima injini na utoe ufunguo, uutie mfukoni. Hatusemi hivi kwa mzaha. Kuna watu wengi wasio na ncha za vidole kwa sababu waliwasha pikipiki, wakaiweka kwenye stendi, wakatia gia, kisha wakapaka cheni oili kwa kitambaa huku inazunguka. Cheni inakamata kitambaa, kitambaa kinavuta kidole, na sproketi haina huruma. Zungusha gurudumu kwa mkono.

Pima cheni yako ya zamani kabla ya kuamua kuitumia tena. Nyingi za pikipiki ndogo ni zile zenye namba 428, ambazo hatua yake ni nusu inchi, yaani milimeta 12.7. Ivute ikaze, kisha pima kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 21. Hizo ni hatua 20. Cheni mpya itakupa sentimeta 25.4. Ikikupa 25.9, imekwisha, hata kama inang'aa. Huna rula? Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ishike cheni na uivute itoke kwenye meno. Ikiinuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Usifunge cheni iliyochakaa juu ya meno mapya, wala cheni mpya juu ya meno yaliyoinama kama mapezi ya papa. Kitu kilichochakaa kinakula kipya. Heri kubadili vyote vitatu pamoja, ukiweza. Tena ukienda dukani chukua sproketi ya zamani mkononi, ulinganishe matundu ya bolti na upana wa jino. Namba 420 na 428 zina hatua moja lakini upana si mmoja. Na kuhusu yale meno yanayojazwa kwa kuchomelea, au sproketi iliyokatwa kwenye bati la chuma chakavu, hatuishauri hata kidogo. Duara lisilo kamili linaikaza cheni upande mmoja na kuilegeza upande mwingine, na siku moja cheni inaruka ikiwa na mtu juu.

Ukipunguza jino moja mbele, cheni italegea kwa nusu pingili. Sogeza gurudumu nyuma kama milimeta 3, imetosha. Ukiongeza meno matatu nyuma, cheni inadai pingili moja na nusu, na gurudumu linataka kwenda mbele karibu sentimeta moja. Pengine nafasi hiyo haipo. Hapo ongeza pingili 2 na urudishe gurudumu nyuma kidogo.

Pingili ya kuunganisha ina klipu ndogo. Upande wake mmoja umeziba na mmoja uko wazi. Upande ulioziba ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Ukigeuza, kijiti au jiwe dogo likigusa klipu linaichomoa, na cheni inafunguka njiani.

Halafu ulegevu. Vitabu vingi vinasema cheni icheze sentimeta 2 mpaka 3 katikati ya upande wa chini. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau. Pikipiki ikipakiwa, shokamzoba zinashuka, gurudumu linapanda, na cheni inakaza zaidi. Cheni iliyokazwa vizuri bila mzigo inaweza kuwa kama waya wa zeze ikiwa na mzigo, na hapo inaharibu beringi na kujivuta yenyewe. Kwa hiyo ukimaliza kukaza, waombe watu wawili wakae nyuma, kisha uiguse cheni. Ni lazima bado icheze. Izungushe gurudumu na ujaribu mahali patatu au panne, maana cheni haichakai sawasawa pote. Tazama zile alama za pande mbili za ekseli zilingane, kaza nati, na uhakikishe breki ya nyuma bado inashika, maana gurudumu likisogea, fimbo ya breki nayo inabadilika.

VIGARI VYA REDIO

Watoto wa siku hizi, hasa wenye ndugu mjini, huletewa vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa redio. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuviuza mwaka 1976, na vile vizuri vinafunguka kwa bisibisi na kubadilishwa meno kama pikipiki. Ndani hamna cheni. Kijigurudumu kidogo kwenye mota kinaumana moja kwa moja na kikubwa. Kidogo kikiwa na meno 20 na kikubwa 80, mota inazunguka mara 4 ili kikubwa kizunguke mara moja. Weka kidogo cha meno 16, itazunguka mara 5: nguvu imeongezeka na mwendo umepungua.

Tofauti ni kwamba mota ya umeme hailalamiki. Injini ya petroli ikizidiwa inatetemeka na kuzima. Mota ikizidiwa inakunywa umeme mwingi zaidi, inapata moto kimya kimya, na inaungua. Mtoto aliyeweka meno ya mwendo ili awashinde wenzake, kisha akakimbiza kigari kwenye mchanga, ndiye huyo anayelia jioni. Mwonyesheni jinsi ya kusimamisha kigari baada ya dakika chache na kugusa mota. Kama kidole hakivumilii, arudishe kijigurudumu chenye meno machache. Na anapofunga, apitishe kipande cha karatasi nyembamba katikati ya meno, ayasogeze yaumane juu ya karatasi, akaze skrubu, kisha aitoe karatasi. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Yakibanana sana yanalia na kulika. Yakiachana sana yanarukana.

Ukimaliza kazi ya pikipiki au baiskeli yako, safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo. Rudi nyumbani, kaza nati zote tena, hesabu bolti za sproketi ya nyuma kwa kidole. Cheni mpya hulegea katika siku zake za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo ipime tena baada ya siku tatu za kazi, na tena baada ya juma moja.